Kanzu Nyeupe Katika Nchi ya Mawese

Jioni ya mwisho kabla ya kuingia Ujiji, mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifungua mizigo yake kama bwana harusi. Nguo alizopita nazo porini zilikuwa matambara, na hakutaka kuonekana hivyo mbele ya Waarabu wa mjini wala mbele ya mzee aliyekuwa akimtafuta. Alimwagiza Selim, kijana mkalimani aliyemchukua Yerusalemu, amtolee suti mpya ya flana, azipake buti zake mafuta na aipake kofia yake chaki. Kesho yake, katikati ya umati na milio ya bunduki, mtu wa kwanza kumsalimu kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Dk. David Livingstone. Stanley hakusahau kuandika alivyovaa: shati refu jeupe, na kichwani kilemba cha merikani.

Weupe wa namna mbili ulikutana siku ile. Wa kofia ulikuwa wa kupaka. Jasho na vumbi la safari vilibaki pale pale chini ya chaki, na mvua moja ingetosha kuvifichua. Wa shati ulikuwa wa kufua, na huo haupatikani jioni moja. Unadai maji, sabuni, jua, siku za kusubiri na mikono ya mtu. Historia ya nguo nyeupe kwenye ufukwe huu wa Ziwa Tanganyika, kuanzia siku za misafara hadi paketi za unga wa oksijeni zinazouzwa leo, ni historia ya madai hayo: nani aliyatimiza, na aliyalipia kwa kitu gani.

Nguo iliyokuja bila kupaushwa

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji Februari 1858, waliwakuta wenyeji wengi wakivaa mbugu, yaani gome la mti lililopondwa likalainika, na ngozi. Lakini pamba ya ng'ambo ilikuwa imetangulia kufika. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake Zanzibar. Meli za Salem zilileta kitambaa kigumu cha pamba ambacho watu wa pwani walikiita kwa jina la nchi kilikotoka: merikani. Biashara ilinoga kiasi kwamba mwaka 1847 Salem yenyewe ilifungua kiwanda kikubwa cha nguo cha Naumkeag, na soko la Zanzibar lilikuwa miongoni mwa masoko yaliyokilisha.

Kutoka Bagamoyo kitambaa kilisafiri kichwani na mabegani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yapata kilo 32, na safari ilichukua miezi. Njiani nguo ilikuwa fedha: ililipa hongo kwa watemi, ilinunua chakula, ililipa mishahara. Livingstone aliporudi Ujiji kutoka Manyema, magharibi mwa ziwa, Oktoba 1871, alikuta mtu aliyekabidhiwa mali yake ameiuza yote, zikiwamo yadi 3,000 za kitambaa, naye akabaki masikini asiye na cha kubadilishana na mlo wa jioni.

Merikani haikuwa nyeupe. Ilitoka kiwandani na rangi ya pamba kama ilivyochumwa, umanjano uliofifia unaotokana na nta na rangi asilia ya pamba yenyewe, juu yake kukiwa na wanga uliotiwa ili nyuzi zisikatike kwenye mtambo. Kuipausha kungeongeza gharama na kuidhoofisha, na mnunuzi wa bara alitaka nguo ya kudumu. Weupe ulimsubiri mfuaji wa huku. Kila ilipofuliwa wanga ulitoka na nta ikapungua, na kila ilipoanikwa jua lilikula sehemu ya ule umanjano.

Upande wa pili wa biashara hiyo kuna jambo linalolingana nalo ajabu. Misafara iliyoleta merikani ilirudi pwani na pembe za ndovu, nyingi zikitoka Manyema kupitia Ujiji. Sehemu kubwa ilivuka bahari hadi miji midogo ya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, ikakatwa vipande vyembamba vya kufunika vitufe vya piano. Pembe nayo ina umanjano wake. Wenye viwanda walijenga nyumba ndefu za vioo zinazoelekea jua, wakavipanga vipande humo kwa wiki kadhaa hadi viwe vyeupe. Kwa hiyo Marekani ilileta kitambaa ambacho jua la Ujiji lilikipausha, ikachukua pembe ambayo jua la Connecticut liliipausha. Fundi alikuwa mmoja pande zote mbili.

Jua, maji na hewa

Katika Ujiji ya karne ya 19 nguo nyeupe ilimtaja aliyeivaa. Mji ulikuwa na wakuu wake, kama Mwinyi Kheri, aliyeuongoza kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, na Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza. Kanzu, kofia na kilemba vilikuwa alama ya Uislamu na ya uungwana. Watu waliovushwa kutoka Manyema, wengi wao wakiwa watumwa au wapagazi, walijifunza Kiswahili, wakasilimu, na polepole wakavaa kanzu wao pia. Mtumwa alizoeleka katika merikani chafu au kaniki ya buluu iliyokoza, isiyoonyesha uchafu. Anayevaa nyeupe alikuwa anatangaza kwamba hashiki jembe siku hiyo, au kwamba ana mtu wa kumfulia. Na kazi ya kufua, kama kazi nyingi za nyumbani, ilikuwa mabegani mwa watumwa na wanawake.

Adui yao mkubwa alikuwa mawese. Nchi hii ni ya michikichi, na Burton alishayakuta mafuta yake yakiuzwa sokoni Ujiji. Mawese mabichi ni mekundu kwa sababu yamejaa karotini, jamii ile ile ya rangi inayoipa karoti rangi yake. Tone likidondoka kwenye kanzu, sabuni hutoa mafuta lakini huacha doa la manjano. Hapo ndipo mfuaji anapofanya jambo ambalo bibi yake alilifanya pia: hasugui zaidi. Anailowesha nguo, anaitandaza kwenye majani au juu ya mawe, ikikauka anainyunyizia maji tena, na jioni doa limepungua. Baada ya siku mbili tatu za kiangazi limekwisha.

Doa limekwendaje bila kusuguliwa? Rangi huonekana kwa sababu ya umbo la molekuli. Karotini ni mnyororo mrefu wa kaboni wenye viungo viwili na kimoja vikipokezana, na mnyororo wa namna hiyo hunasa mwanga wa buluu na kuuachia wa manjano na mwekundu ufike machoni. Ukiukata mnyororo vipande vifupi, vipande vinaweza kuwa bado vimo kwenye nguo, lakini havinasi tena mwanga tunaouona. Doa limepoteza rangi kabla ya kupoteza mwili. Mkataji ni oksijeni. Mwanga wa jua huipa molekuli ya rangi nguvu ya kuungana na oksijeni ya hewani, na unyevu kwenye nguo husaidia, kwani maji, hewa na miali ya jua vikikutana huzaa pia kiasi kidogo cha peroksaidi, maji yaliyobeba oksijeni ya ziada. Ndiyo maana nguo iliyoanikwa ikiwa na unyevu hung'aa kuliko iliyokaushwa haraka, na ndiyo maana kunyunyizia maji mara kwa mara ni kazi yenye akili.

Dawa hii ina mipaka, na Kigoma inaionyesha vizuri. Udongo mwekundu wa vilima vya huku umepata rangi yake kutokana na chuma kilichoshika kutu. Chuma hicho kimekwisha kula oksijeni yake yote. Ukikiongezea nyingine hakishtuki. Doa la matope mekundu linataka kitu chenye ukali wa tindikali, kama ndimu, kisha kusuuzwa vizuri. Anayelipeleka juani anapoteza siku yake.

Kutoka uwanjani hadi kwenye pipa

Ulaya nako walipausha hivyo hivyo. Karibu na Haarlem, Uholanzi, kitani kilitandazwa uwanjani kwa miezi, kikichovywa katika maji ya majivu, kikianikwa, kisha kikitiwa katika maziwa yaliyochacha. Mwaka 1756 Francis Home wa Edinburgh alionyesha kwamba asidi ya salfuriki iliyozimuliwa inafanya kwa saa chache kazi ambayo maziwa yaliifanya kwa wiki. Lakini uwanja wa majani na msimu wa jua havikuwa na mbadala.

Mbadala ulipatikana kwa njia ya kosa la nadharia. Mwaka 1774 Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden, alipata gesi ya kijanikibichi yenye harufu kali iliyoweza kufuta rangi ya maua. Katika miaka ya 1780 Claude Louis Berthollet wa Ufaransa aliitumia kupausha nguo. Berthollet aliamini kwamba gesi ile ni asidi iliyobeba oksijeni, na kwamba inaikabidhi nguo oksijeni ile ile ambayo uwanja wa majani huitoa polepole. Mwaka 1810 Humphry Davy akatangaza kwamba gesi hiyo ni elementi inayojitegemea, akaiita klorini. Berthollet alikosea kuhusu ndani ya gesi, ila alikuwa karibu na ukweli kuhusu nguo: klorini ikiwa ndani ya maji hupausha kwa kuoksidisha, kama jua lifanyavyo, lakini kwa ukali mwingi zaidi. Mwaka 1799 Charles Tennant wa Glasgow alikuwa ameshapata hati miliki ya unga wa klorini na chokaa. Kazi ya miezi ikawa ya siku chache, na viwanja vya kupaushia vikaanza kugeuzwa mashamba.

Njia ya oksijeni ilichelewa. Mwaka 1818 Louis Jacques Thénard alitengeneza Paris haidrojeni peroksaidi, maji ambayo molekuli yake ina atomu moja zaidi ya oksijeni kuliko maji ya kawaida. Ilipausha kwa upole, na ikimaliza kazi iliacha maji na oksijeni tu. Lakini ilikuwa ghali na ilioza haraka ndani ya chupa. Kwa miongo mingi ikabaki dawa ya vitu vya anasa, kama manyoya ya mbuni na nywele za matajiri.

Mlango ulifunguliwa na wazo la kuifunga peroksaidi ndani ya chumvi kavu. Tarehe 6 Juni 1907 kampuni ya Henkel ya Düsseldorf, Ujerumani, ilitangaza sabuni ya unga iliyochanganywa na perborati ya sodiamu na silikati, na silabi za kwanza za majina hayo mawili zikaunda jina la Persil. Unga ukiwa kwenye paketi ulitulia. Ukiwekwa katika maji na kuchemshwa, perborati iliachia peroksaidi, na peroksaidi ikatoa mapovu madogo yaliyozama ndani ya nyuzi. Henkel walitangaza kwamba sasa nguo itajifua yenyewe. Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Berlin mwaka 1908 hata chema kilijitembeza, kwani kampuni ilituma wanaume waliovaa nyeupe tupu na kushika miavuli myeupe wazunguke mitaani na jina la sabuni.

Neno la kuangaliwa hapo ni kuchemshwa. Perborati haifanyi kazi ya maana hadi maji yakaribie nyuzi joto 60. Mama wa Düsseldorf aliepushwa na kazi ya ubao wa kusugulia, lakini sufuria lilibaki jikoni, na makaa ya mawe chini yake.

Reli, buluu na pasi ya mkaa

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896. Februari 1914 reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, ghuba yenye kina cha kutosha meli kubwa, na tangu hapo biashara ikaanza kuhama kutoka Ujiji. Kwa reli hiyo yalikuja masanduku kwa maelfu yenye vipande vya meli Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg na kuungwa upya Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe wakikimbia, na Wabelgiji wakaushika mji hadi mwaka 1921. Waingereza waliiibua, wakaiita Liemba, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena.

Utawala wa kikoloni ulileta weupe wa kazi. Afisa alivaa sare nyeupe ya dirili, mezani kulitandikwa kitambaa cheupe, na mpishi na mtumishi wa nyumba nao walitakiwa kuvaa kanzu isiyo na doa. Dobi akawa mtu wa mshahara: karai, mawe ya kupigia nguo, wanga wa muhogo wa kutia ugumu, pasi ya mkaa. Dar es Salaam wafanyakazi hao walikuwa wengi na walijitambua vya kutosha hata wakaunda, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chama cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani, mojawapo ya vyama vya mwanzo vya wafanyakazi Tanganyika.

Kwenye karai la kusuuzia dobi alikuwa na siri ya tatu, isiyo ya kupaka wala ya kufuta. Ilikuwa kidonge cha buluu. Kampuni ya Reckitt ya Hull, Uingereza, ilikieneza katika makoloni yote. Nguo ya pamba ikizeeka hugeuka manjano. Ukiitia buluu kidogo sana, rangi hizo mbili hukamilishana na jicho likadhani ni nyeupe. Umanjano haujatoka, umefunikwa kwa hesabu ya mwanga. Dobi hodari alijua kipimo. Akizidisha, kanzu ya Ijumaa huwa ya samawati na mwenyewe hukataa kulipa.

Baada ya Vita Kuu hiyo ya Pili ujanja wa buluu ulipata mrithi. Mwaka 1929 mkemia Mjerumani Paul Krais alikuwa ameonyesha kwamba kiini kinachotolewa katika mti fulani wa Ulaya hunasa miali ya jua isiyoonekana na kuitoa tena kama mwanga wa buluu. Viwanda vikatengeneza rangi za namna hiyo na kuzitia katika sabuni za unga. Omo, iliyoingia Afrika Mashariki kwa kishindo hadi jina lake likawa la kila sabuni ya unga, ni ya ukoo huo. Shati lililofuliwa nayo linang'aa zaidi nje kuliko ndani ya nyumba, kwa sababu linahitaji miali ya jua ili lidanganye.

Shati la shule

Uhuru uligawa upya weupe. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, shati jeupe lililokuwa la wachache likawa sare ya mamilioni. Buzebazeba, Rusimbi, Kasingirima na kata nyingine za mji wa Kigoma na Ujiji, kila nyumba yenye mtoto wa shule ilipata jukumu ambalo zamani lilikuwa la nyumba za wakubwa: kola iwe nyeupe Jumatatu asubuhi, mwalimu asije akamrudisha mtoto. Safari hii hakukuwa na dobi wala mtumwa. Alikuwa mama, au dada mkubwa, Jumamosi, na kidonge cha buluu kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa.

Kisha ikaja njaa ya bidhaa. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, maduka ya Tanzania yalikauka. Mwaka 1983 serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyofichwa ghalani. Watu wengi nchini walifulia majani ya mpapai, na waliokuwa watoto wakati huo bado wanalikumbuka povu lake la kijani. Kigoma ilikuwa na afadhali yake. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali, na mafuta yalikuwa yakining'inia kwenye michikichi. Sabuni ya mawese ilitoa uchafu, ila haikuwa na dawa yoyote ya kupausha ndani yake. Kazi hiyo ilirudi kwa jua.

Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, rafu zilijaa tena. Kilichoshinda vita vya weupe hakikuwa oksijeni. Kilikuwa JIK, klorini ya Scheele na Berthollet katika chupa ya plastiki. Sababu zake zinaeleweka. Inafanya kazi katika maji baridi, kwa dakika chache, na kifuniko kimoja kinatosha beseni zima. Haitaki mkaa. Tena klorini ilikuwa na heshima nyingine. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, kipindupindu kiliwapata maelfu, na Liemba ile ile ikafanya kazi ya kuwahamisha. Maji yenye klorini yalikuwa kinga. Kitu kinachoua vijidudu na kung'arisha shati hakihitaji tangazo.

Bei yake huja baadaye. Klorini haichagui: inakata rangi ya doa, inakata rangi ya nguo, na ikizidishwa inakata pamba yenyewe. Kola huanza kulegea, mshono wa kwapa ukaachia. Nyuzi za kuvutika katika nguo za mitumba hugeuka manjano na kukatika, na sufu huharibika kabisa. Ikichanganywa na ndimu au siki, ambazo mfuaji wa Kigoma anazitaka kwa doa la udongo, hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu.

Unga wa oksijeni

Kabla JIK haijashika masoko ya Afrika Mashariki, huko Ulaya oksijeni ilikuwa imeanza kupunguziwa mahitaji yake ya moto. Kwanza peroksaidi ilishuka bei. Katika miaka ya 1930 wakemia Wajerumani Hans-Joachim Riedl na Georg Pfleiderer walibuni njia ya kuitengeneza kwa haidrojeni na oksijeni ya hewani, na karibu peroksaidi yote ya leo hutengenezwa kwa njia hiyo. Pili, perborati ilipisha perkaboneti ya sodiamu, chumvi iliyogunduliwa mwaka 1899 na Sebastian Tanatar, mkemia wa Odessa. Unga huo ni fuwele za soda zilizoshikamana na peroksaidi. Katika maji hugawanyika, soda kando na peroksaidi kando, na huanza kazi kwenye nyuzi joto 40 hivi.

Soda hiyo si ngeni kwetu. Ndiyo mwili wa magadi, yale yanayolainisha maharage jikoni, na ndiyo bidhaa ambayo kampuni iliyoundwa mwaka 1911 kwenye Ziwa Magadi, Kenya, imekuwa ikiichimba kwa zaidi ya karne moja na kuiuza nje. Kazi yake ndani ya unga ni kuyafanya maji yawe na ukali wa magadi, kwani peroksaidi huzinduka katika maji ya namna hiyo: hupoteza haidrojeni moja na kuwa na njaa ya kushambulia viungo viwili vya molekuli za rangi. Chai, kahawa, jasho, mchuzi wa bizari, karotini ya mawese, zote zina minyororo ya aina hiyo. Rangi nyingi za nguo zilizotiwa vizuri kiwandani huvumilia, na ndiyo maana unga huu unaweza kutumika kwa kitenge pale ambapo JIK ingekiachia mabaka.

Tatu, tangu mwisho wa miaka ya 1970 viwanda viliongeza kiamsho kinachoitwa kwa kifupi TAED. Kikikutana na peroksaidi huzaa asidi ya peroksiasetiki, inayopausha hata katika maji ya uvuguvugu. Haraka nayo ilikuwa na mtego. Mwaka 1994 Unilever ilitoa Persil Power, yenye kiamsho cha manganizi chenye nguvu zaidi. Washindani wao, Procter & Gamble, wakaonyesha waandishi wa habari picha za nguo zilizotoboka baada ya kufuliwa mara kwa mara, na mapema mwaka 1995 bidhaa ikaondolewa. Chembe za metali huifanya peroksaidi ivunjike kwa fujo, ikala doa pamoja na uzi. Kwa sababu hiyo hiyo unga wa oksijeni haufai kukorogwa katika karai lenye kutu.

Sasa weka unga huo katika beseni la Buzebazeba. Maji ya bomba ya Kigoma hutoka ziwani, na maji ya Tanganyika yana hali ya magadi kidogo, pH karibu 9, hivyo unga unakuta njia imelainishwa. Lakini maji hayo yana magnesi nyingi, na sabuni ya mche ikikutana nayo huacha utando unaofubaza nguo. Ni vizuri sabuni isuuzwe itoke kabla ya kuloweka. Na yana joto la nyuzi 25 hivi, pungufu ya joto ambalo unga unalitaka. Kuna njia mbili za kufidia. Moja ni birika la maji ya moto, yaani mkaa. Nyingine ni muda: kuloweka saa kadhaa, au usiku kucha, ili ubaridi ulipwe kwa subira. Asubuhi nguo hiyo hiyo ikianikwa juani ikiwa na unyevu, hupata awamu ya pili ya kazi bila malipo. Kitu kisichofaa ni kuongeza JIK ili kuharakisha. Dawa hizo mbili hushambuliana zenyewe ndani ya beseni, zikatoa mapovu mengi, na nguo ikabaki ilivyokuwa.

Paketi ya oksijeni bado ni ghali kuliko kifuniko cha JIK, na mwenye sare tatu za watoto na siku moja ya kufua hawezi kulaumiwa kwa kuchagua cha haraka. Lakini hesabu hiyo imehesabu dawa tu, haikuhesabu shati. Shati la shule linalochanika kola muhula wa pili linanunuliwa tena, na pesa yake haiandikwi popote kwenye chupa. Miaka 150 iliyopita gharama ya weupe wa Ujiji ililipwa na mtumwa kwa nguvu zake. Baadaye aliilipa dobi, kisha mama kwa Jumamosi zake. Kemia imeweza kuigawa gharama hiyo kati ya moto, muda na uzi wa nguo, na hakuna unga wala maji yaliyokwisha kuifuta. Aliye na kiangazi na uwanja wa kuanikia ana oksijeni ya bure. Anachohitaji kununua ni ile ya miezi ya masika tu.